Dawa huchagua, mikono husambaza

Mganga Mfawidhi, Muuguzi Mkuu, wakuu wa idara, madaktari, wauguzi, wafamasia, wenzetu wa maabara, na ninyi wa usafi ambao leo mtatajwa zaidi ya mlivyozoea: shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi.

Mmetuuliza sisi wa maabara kwa nini majibu ya kuotesha damu yanarudi yamejaa herufi R, yaani bakteria ni sugu kwa dawa, na usugu huo unatoka wapi. Tutaanza na sahani yenyewe.

Ni sahani ya Mueller-Hinton, chakula cha kuoteshea bakteria, kina chake milimita 4. Mtaalamu amechukua bakteria Klebsiella pneumoniae iliyoota kutoka damu ya mtoto mchanga, ameichanganya na maji ya chumvi hadi ukungu wake ulingane na kipimo cha 0.5 McFarland, yaani takribani bakteria milioni 150 kwa mililita, ameipaka sahani nzima, ameweka diski za dawa na kuiacha kwenye nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Asubuhi kila diski inayofanya kazi imezungukwa na duara safi ambalo tunalipima kwa rula. Sasa elekeza taa ndani ya duara la meropenemu. Mara nyingine, pale ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu, zimekaa koloni mbili tatu zisizofika hata nusu milimita. Ni rahisi kuzipita, ukapima kipenyo na kuandika S, yaani dawa inafanya kazi. Tafadhali tusifanye hivyo. Ama sampuli ina bakteria wa aina mbili, ama hao ni ndugu wa damu moja na waliokufa, isipokuwa wao wana kitu ambacho wenzao hawana. Chukua koloni ile, ioteshe peke yake, pima upya, na umpigie daktari simu wakati unasubiri.

Walipata wapi kitu hicho? Wengi tumezoea kusema bakteria "wameizoea dawa". Usemi huo unapotosha, kwa sababu unafanya ionekane kwamba dawa humfundisha bakteria. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walikuza makundi madogo mengi ya Escherichia coli, kila kundi kwenye chombo chake, kisha wakayaweka yote pamoja na virusi vinavyoua bakteria. Kama usugu ungekuwa jibu la bakteria kwa shambulio, kila chombo kingebakiza idadi inayokaribiana. Haikuwa hivyo. Vyombo vingine havikubakiza hata mmoja, vingine vilibakiza wengi mno, kulingana na lini kosa la kunakili vinasaba lilikuwa limetokea kabla virusi havijafika. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg walinakili koloni kutoka sahani hadi sahani kwa kitambaa cha mahameli, wakaonyesha kwamba bakteria sugu walitokana na koloni ambazo hazikuwahi kuonja dawa hata mara moja.

Kwa hiyo usugu hutangulia na dawa hufuata. Kazi ya dawa ni kuwaondoa wasio nao na kuacha uwanja mtupu kwa wenye nao.

Hesabu yake si ngumu. Kromosomu ya E. coli ina herufi za DNA zipatazo milioni 4.6. Kila bakteria anapogawanyika huzinakili zote, na hukosea kwa wastani mara moja hivi katika kila migawanyiko elfu moja. Kosa moja kwenye mahali mahususi pa jeni iitwayo rpoB linatosha kuifanya rifampisini ishindwe kushika shabaha yake, na kosa hilo linapatikana kwa takribani bakteria 1 kati ya milioni 100. Tundu la kifua kikuu kwenye pafu linaweza kubeba bakteria kuzidi idadi hiyo. Ukimpa mgonjwa huyo rifampisini peke yake, aliye sugu tayari yumo ndani. Ndiyo maana kifua kikuu hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja, na ukanda wetu una mchango wake hapo: majaribio ya matibabu ya miezi 6 yaliyofanywa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Mashariki na lile la Uingereza, yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1972, yalifanyika kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia.

Makosa haya ya kunakili yanaweza kurundikana ndani ya mgonjwa mmoja akiwa kitandani. Kisa kilichochunguzwa kwa undani kuliko vingi ni cha mgonjwa wa Marekani aliyekuwa na maambukizi ya Staphylococcus aureus kwenye vali ya moyo, akatibiwa kwa vankomaisini pamoja na dawa nyingine kwa takribani wiki 12. Sampuli za damu zilichukuliwa mara kadhaa, na watafiti wa Rockefeller University wakasoma vinasaba vyote vya bakteria wa kwanza na wa mwisho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Kati ya wawili hao kulikuwa na mabadiliko 35. Usugu wa rifampisini ulijitokeza mapema. Kiwango cha chini cha vankomaisini kinachozuia bakteria kukua kilipanda kidogo kidogo kutoka mikrogramu 1 kwa mililita hadi 8. Usugu dhidi ya daptomaisini nao ulipanda, ilhali mgonjwa hakupewa daptomaisini hata dozi moja: ukuta wa bakteria ulikuwa umenenepa, na mabadiliko yaliyomkinga na dawa ya kwanza yakaizuia na ya pili.

Hatua kama hizo huanza zikiwa zimejificha. Siprofloksasini hushika kimeng'enya kinachofungua misokoto ya DNA. Kosa la kwanza, kwa kawaida kwenye kiungo cha 83 cha jeni ya gyrA, hupandisha kiwango cha kuzuia kutoka kama mikrogramu 0.015 hadi karibu 0.25, ambacho kwenye jedwali letu bado kinasomeka S. Daktari anaona S, anatoa dawa, mara nyingi kwa dozi ndogo ya miligramu 250 kwa sababu ndiyo iliyopo dirishani. Kumbe nusu ya safari imeshakwisha. Kosa la pili kwenye gyrA au parC likitokea, S inageuka R katikati ya matibabu.

Enterobacter cloacae ni mfano mwingine ambao kila daktari wa wodi ya upasuaji anapaswa kuufahamu. Bakteria huyu ana jeni ya AmpC, kimeng'enya cha kuvunja dawa, kwenye kromosomu yake, imezimwa nusu. Kosa kwenye jeni ya jirani iitwayo ampD huiwasha moja kwa moja, na seftriaksoni inavunjwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1991 ulikuta kwamba kati ya wagonjwa waliokuwa na Enterobacter kwenye damu na kutibiwa kwa sefalosporini za kizazi cha tatu (ukoo wa seftriaksoni), karibu 1 kati ya 5 alipata usugu huo akiwa anatibiwa. Kwa hiyo tunapowaletea jibu la "Enterobacter, seftriaksoni S" na kuweka alama ya tahadhari pembeni, msione kama tunajipinga. Jibu ni la bakteria wa leo. Alama ni ya bakteria wa Alhamisi.

Hata hivyo, wenzetu, makosa ya kunakili si chanzo cha R nyingi mnazoziona. Klebsiella wa wodi zetu hapitii hatua 35. Hupokea kila kitu kwa siku moja.

Wajapani ndio walioligundua hili mapema. Katika miaka ya 1950 walipata Shigella ya kuhara damu iliyokuwa sugu kwa dawa nne kwa mpigo: salfa, streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaikilini. Kwa makosa ya bahati, kupata manne ya namna hiyo kwa wakati mmoja haiwezekani kihesabu. Tomoichiro Akiba, Kunitaro Ochiai na baadaye Tsutomu Watanabe walionyesha kwamba ukichanganya Shigella huyo na E. coli wa kawaida, E. coli naye huondoka na usugu wote wa nne. Kilichohama ni plasmidi, pete ndogo ya DNA inayojitegemea nje ya kromosomu. Bakteria mwenye plasmidi hutoa mrija, humvuta jirani, na kumpelekea nakala huku yeye akibaki na yake. Jirani si lazima awe wa jamii moja.

Linganisheni na yule mgonjwa wa wiki 12. Mwezi Juni 2002, huko Michigan, mgonjwa wa kisukari aliyekuwa akisafishwa damu na mwenye vidonda vya mguu alikutwa na Staphylococcus aureus ambaye vankomaisini ya mikrogramu 128 kwa mililita haikumzuia. Kidonda hicho hicho kilikuwa na Enterococcus faecalis mwenye jeni ya vanA. Jeni hiyo ikiwa ndani ya kipande cha DNA kinachoruka kiitwacho Tn1546 ilihama kutoka kwa Enterococcus, ikatua kwenye plasmidi ya Staphylococcus, na kubadilisha mwisho wa mnyororo wa ukuta wa bakteria ambao vankomaisini huukamata. Mmoja alihangaika kwa mabadiliko 35 akafika mikrogramu 8. Mwingine alipokea kipande kimoja akapita 128. Kidonda kimoja, chenye bakteria hao wawili na dawa juu yake, kilitosha.

Sasa tuje kwa Klebsiella. Jeni inayotusumbua zaidi ni blaCTX-M-15, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja seftriaksoni, sefotaksimu na nyingine za ukoo huo. Asili ya jeni za CTX-M ni Kluyvera, bakteria wa mazingira ambaye kwa kawaida hana madhara na anayo kwenye kromosomu yake. Kipande kinachoruka kiitwacho ISEcp1 kiliibeba na kuiweka kwenye plasmidi. Kipande hicho kina pia swichi ya kuiwasha jeni iliyo mbele yake, hivyo jeni iliyokuwa imelala kwa Kluyvera inafanya kazi kwa nguvu kwa Klebsiella.

Plasmidi hiyo mara nyingi imebeba na jeni za kuzuia jentamisini, za kuzuia septrini, za tetrasaikilini, na moja iitwayo aac(6')-Ib-cr inayopunguza makali ya siprofloksasini. Hapa naomba tusimame, maana ndipo mipango mingi ya hospitali inapokwama. Zote ziko kwenye pete moja. Ukimpa mgonjwa jentamisini, unamlinda aliye na pete, na seftriaksoni inaendelea kutofanya kazi ingawa hukuigusa. Mnapoona kwenye ripoti R za seftriaksoni, jentamisini, septrini na siprofloksasini zikiwa zimepangana, usiziite matatizo manne. Kuzungusha dawa kwa zamu, mwezi huu hii na mwezi ule ile, hakuiondoi plasmidi ya namna hiyo, kwa kuwa kila zamu ina jeni yake humo ndani.

Tumeulizwa pia: tukiacha dawa fulani kwa miaka, je, bakteria watarudi kuwa dhaifu? Swali ni zuri na chimbuko lake tunalijua. Malawi iliacha klorokwini mwaka 1993, na kufikia mwaka 2001 alama ya usugu ilikuwa imetoweka kwa vimelea vya malaria. Lakini kwa bakteria wa plasmidi mambo ni mengine. Uingereza ilipunguza maagizo ya salfa kwa asilimia 97 katika miaka ya 1990. Utafiti wa Royal London Hospital ulilinganisha E. coli wa mwaka 1991 na wa 1999: usugu wa salfa ulikuwa karibu asilimia 40 mwanzoni, na asilimia 46 mwishoni. Haukushuka. Jeni ya salfa ilikuwa imekaa kwenye vipande pamoja na jeni za dawa zilizoendelea kutumika. Tena plasmidi nyingi zina mfumo wa sumu na kiuasumu: sumu hukaa muda mrefu, kiuasumu huoza upesi, hivyo bakteria anayezaliwa bila plasmidi hufa kwa sumu aliyorithi. Na kosa linalomchosha bakteria, kama lile la rpoB, hufuatiwa na kosa jingine linalomrudishia nguvu bila kumwondolea usugu. Kwa maoni yetu, hospitali isiyozuia jeni kuingia na kuenea haitaokolewa na subira.

Kwa nini basi hospitali, na si sokoni? Kwa sababu hapa mambo matatu hukutana kwenye kitanda kimoja: bakteria wengi, dawa nyingi, na mirija inayopita ngozi. La kwanza liko utumboni. Tukimchoma mgonjwa seftriaksoni, kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya dawa hutoka kwa mkojo, na iliyobaki hupitia nyongo hadi utumbo. Humo hakuna ugonjwa tunaoutibu, ila kuna bakteria wasiohesabika. Wasio na CTX-M hufa, nafasi inabaki, mwenye plasmidi anajaa. Mgonjwa anaendelea vizuri, hana homa, hakuna anayejua. Kinyesi chake sasa ni ghala. Kuanzia hapo safari ni ya mikono, beseni, kanula na sinki.

Safari hiyo imewahi kuchorwa herufi kwa herufi. Juni 2011, Clinical Center, hospitali ya taasisi za taifa za afya (NIH) huko Bethesda, Marekani, ilimpokea mgonjwa aliyehamishwa kutoka New York akiwa na Klebsiella mwenye jeni ya KPC, inayovunja hata meropenemu. Walijua tangu mwanzo, wakamtenga. Aliruhusiwa Julai 15. Mgonjwa wa pili aligundulika mwanzoni mwa Agosti, wiki tatu baadaye, na hawakuwahi kulala chumba kimoja. Ilionekana ni mlipuko mwingine tu. Waliposoma vinasaba vyote vya bakteria, herufi milioni 6 kila mmoja, walikuta tofauti chache sana, 41 tu kwa mlipuko mzima. Tofauti hizo zilionyesha kwamba bakteria wote walitoka kwa mgonjwa wa kwanza, na si kwa njia moja: bakteria wa sehemu tofauti za mwili wake walikuwa wametofautiana kidogo, na walitoka kwa nyakati tofauti kuelekea kwa watu tofauti. Baadhi ya wagonjwa waliwabeba kwa wiki kadhaa bila dalili. Walikutwa kwenye mifereji ya sinki, na kwenye mashine ya kupumulia iliyokuwa imeshasafishwa. Wagonjwa 18 waliambukizwa, 11 walifariki, na vifo 6 vilihusishwa na bakteria huyo. Hiyo ni hospitali iliyojua tangu mwanzo na ikamtenga mgonjwa.

Tuliangalie sinki, kwa kuwa ndilo linalodharauliwa kuliko vyote. Chini ya sinki kuna kona ya bomba inayobakiza maji ili harufu isirudi. Kwenye kuta zake bakteria hujenga utando wa ute, na ndani ya utando huo Klebsiella, Pseudomonas na Enterobacter hukaa wamegusana, hali inayofaa kabisa kwa kupeana plasmidi. Watafiti wa Virginia waliweka kwenye kona hiyo E. coli anayeng'aa kijani. Utando ulipanda bombani kwa takribani sentimita 2.5 kwa siku. Ulipofika kwenye kichujio, maji ya bomba yaliporuka yalimtupa bakteria hadi sentimita 75 hivi kutoka hapo. Sasa pimeni wenyewe umbali kati ya sinki la wodi yenu na meza ya kuchanganyia sindano.

Kwa hiyo dawa zisiandaliwe ndani ya mita moja ya sinki. Mdomo wa bomba la maji usielekee moja kwa moja kwenye tundu. Na jambo tunaloliona kila wiki: mabaki ya seftriaksoni na maji ya dripu kumwagwa kwenye sinki la kunawia mikono. Sukari ya dripu inawalisha, dawa inawachagua. Mabaki hayo yana njia yake ya taka za dawa. Kumwaga jiki tunduni kunasafisha juu juu tu, kwani klorini huisha nguvu kabla haijapenya utando.

Kuhusu jiki yenyewe. Ya asilimia 3.5 ikichanganywa sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji inatoa asilimia 0.5, ya kutumia palipomwagika damu na majimaji ya mwili. Uchafu uondolewe kwanza kwa maji na sabuni, maana damu na kinyesi hula klorini, na ukimwaga juu ya uchafu umeosha uchafu na si bakteria. Mchanganyiko utengenezwe kila siku. Ndoo ya jana ina harufu, haina nguvu. Wahudumu wa usafi wapewe kipimo chenye mistari. Kukadiria kwa kikombe hakutoshi, na si haki kumlaumu mtu ambaye hakupewa kipimo.

Wodi ya watoto wachanga ina hatari yake ya pekee. Chupa ya dekstrozi ya mililita 500 imetundikwa, sindano imeachwa kwenye mpira wa kizibo "ili iwe rahisi", na kila muuguzi anavuta mililita 20 au 30 kwa mtoto wake. Klebsiella na Enterobacter huzaliana vizuri ndani ya dekstrozi ya asilimia 5 kwenye joto la kawaida la chumba, na maji hubaki maangavu machoni hata yakiwa na bakteria maelfu kwa mililita. Marekani iliwahi kupata mlipuko mkubwa wa Enterobacter mwaka 1970 na 1971 kutokana na vizibo vya chupa za dripu. Chupa moja kwa mtoto mmoja, kinachobaki kitupwe. Najua mtasema ni upotevu. Bei ya chupa ni ndogo kuliko bei ya siku 10 za meropenemu kwa watoto wanne, achilia mbali watoto wenyewe.

Mikono. Pale ambapo vitakasa mikono vya kununua havifiki, famasia yetu inaweza kuvitengeneza kwa fomula ya WHO. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96, mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 417, gliserini ya asilimia 98, mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi mstari wa lita 10. Peroksaidi haiko humo kwa ajili ya mikono, iko kuua mbegu za bakteria zilizoingia na vyombo, ndiyo sababu chupa hukaa saa 72 kabla ya kutumika. Gliserini isizidishwe. Ikizidi, mikono inanata, na muuguzi ambaye mikono yake inanata ataiacha chupa. Tumia ya kutosha kulowanisha mikono yote, sugua sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke yenyewe. Chupa iwe kitandani, isiwe mlangoni, kwa sababu mikono huchafuka kati ya kitanda na kitanda.

Upande wa kuandika dawa tutakuwa wafupi, ingawa hapa ndipo uchaguzi unapofanyika.

Kwa upasuaji, kinga ni sefazolini gramu 2 kwa mtu mzima, ndani ya dakika 60 kabla ya kisu kugusa ngozi. Upasuaji ukizidi saa 4, rudia. Jeraha likishafungwa, acha. WHO tangu mwaka 2016 inashauri kinga isiendelezwe baada ya upasuaji. Seftriaksoni na metronidazoli za siku 5 baada ya upasuaji wa uzazi usio na tatizo hazimkingi mama zaidi. Zinajenga ghala tulilolitaja, na mtoto wake yuko mita chache kutoka hapo.

Na kuhusu "kumaliza dozi": kwa kifua kikuu ni lazima, hakuna mjadala. Kwa maambukizi mengi ya wodini, siku zilizozidi hitaji huongeza uchaguzi utumboni bila faida. Jaribio la BALANCE, lililochapishwa mwaka 2024 kwa wagonjwa zaidi ya 3,600 wenye bakteria kwenye damu, lilionyesha kwamba siku 7 hazikuwa duni kuliko 14. Staphylococcus aureus hakuwemo, na wagonjwa wenye vali za bandia za moyo pia, kwa hiyo msimwingize huko. Lakini kwa Klebsiella wa njia ya mkojo aliyeingia kwenye damu, andikeni siku ya kusimamisha siku ile ile mnayoandika siku ya kuanza.

Damu ya kuotesha itoke kabla ya dozi ya kwanza. Mtu mzima mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, chupa mbili kutoka mikono miwili; mtoto mchanga angalau mililita 1. Ngozi isuguliwe kwa spiriti ya asilimia 70 au klorheksidini yenye spiriti, isubiriwe ikauke. Mililita 2 kwenye chupa ya mtu mzima, na ngozi iliyopanguswa haraka, zinatupa jibu ambalo hatuwezi kulitetea.

Nasi maabara tuna deni letu. Kuanzia mwezi ujao kila Klebsiella na E. coli mwenye duara la meropenemu la milimita 22 kushuka atapimwa kama anatengeneza kimeng'enya cha kuivunja. Kipimo ni cha bei nafuu. Kitanzi cha mikrolita 1 cha bakteria kinawekwa kwenye mililita 2 za mchuzi wa soya wa kuoteshea bakteria, diski ya meropenemu ya mikrogramu 10 inazamishwa humo, saa 4 kwenye nyuzi 35. Diski inatolewa na kuwekwa juu ya sahani iliyopakwa E. coli ATCC 25922, ambaye tunajua meropenemu humuua, na kuachwa hadi kesho yake. Bakteria akiwa ameivunja dawa ndani ya mchuzi, diski inakuwa haina kitu: duara la milimita 6 hadi 15, au hakuna duara kabisa, maana yake kimeng'enya kipo. Milimita 19 na zaidi, hakipo. Kati yake, zikionekana zile koloni ndogo ndani ya duara, kipo; kati yake bila koloni, au 19 na zaidi yenye koloni, tunarudia.

Jibu likiwa kipo, hatutasubiri karatasi. Wodi itapigiwa simu siku hiyo hiyo, mgonjwa atahamishiwa chumba cha pembeni au kitanda cha mwisho chenye glovu, gauni, mashine ya presha na kipimajoto vyake, na wote waliolala jirani naye watachukuliwa sampuli za njia ya haja kubwa ndani ya saa 48, wakiwemo wasio na homa. Namba ya simu ya zamu ya maabara imebandikwa kwenye kila meza ya wauguzi. Wodi ya watoto wachanga tutaanza nayo Jumatatu, na tutahitaji orodha ya vitanda vyote ifikapo saa mbili asubuhi.